Mayai Niliyompa Koinet

Mumbua mwanangu,

Wanawake wamejaa jikoni kwa mama yako, wanakata vitunguu na kuimba, na kila mmoja anaimba wimbo wake. Mimi nimejifungia kwenye stoo ya ndege, nimekaa juu ya debe, taa nimeiweka juu ya gunia la chakula cha kware. Mama yako amechungulia mara mbili. Kwanza aliniuliza kama naumwa. Aliporudi akasema, "Baba Mumbua, msichana anaolewa kesho na wewe unajificha na ndege." Nikamwambia naangalia mayai. Hakuniamini, na amefanya vizuri.

Mchana uliponiletea chai uliniuliza jambo. Ulisimama hapo mlangoni na nywele zako mpya, ukasema, "Baba, Koinet unambariki ama unamvumilia tu?" Nikajifanya chai ni moto. Ukangoja. Nikaipuliza mpaka ikapoa, ukachoka ukaenda zako. Sasa kesho pasta atauliza ni nani anayemtoa huyu bibi harusi, watu wote watanigeukia, na wewe utakuwa umeushika mkono wangu huku unajua kwamba sijakujibu. Siwezi kukuacha uingie kanisani hivyo. Jibu lenyewe ni refu, kwa sababu ndani yake kuna kitu nilichofanya mimi, na kuna kitu ulichofanya wewe, na mpaka leo hakuna aliyemwambia mwenzake.

Mambo ya kuteka maji, ya kukaa na wakwe, ya baridi ya kwao Koinet huko Kimuka, hayo sitayaandika. Mashangazi zako wamekujaza tangu Jumatatu, hata mimi nimesikia mengine ambayo sikupaswa kusikia.

Unajua mimi si mtu wa kuamini watu. Sikuzaliwa hivyo, ingawa nadhani wewe hukumbuki nilivyokuwa. Tulipohamia Kitengela kutoka Makueni, miaka ya tisini ikianza, wewe ulikuwa mtoto wa nasari na hapa kulikuwa na nyasi na swara tu. Nilikuwa mtu wa kucheka na kila mtu. Nikanunua ploti kwa jamaa tuliyeimba naye kwaya, yeye besi, mimi sauti ya tatu. Siku ya kuchimba msingi akatokea mwanamume mwingine na jembe lake na karatasi zake za ploti ileile. Kumbe naye aliuziwa na besi wetu. Tukasimama pale tukitazamana, kila mmoja na jembe lake, na mwimbaji wetu alikuwa ameshahama mji. Ndipo tukaja kuishi huku nyuma, ambako nyaya za stima zinapita kule barabarani na kutuacha. Na ndipo nilipoanza kununua kufuli.

Kware walinikuta katika hali hiyo. Bosi wangu wa shamba la maua kule Athi River ndiye aliyekuwa akiwafuga. Alipofunga shamba na kurudi kwao, wenzangu waliachiwa viti na masufuria, mimi nikaachiwa ndege. Nikaenda kuwachukulia leseni, kwa maana serikali inawahesabu kuwa ni ndege wa porini. Na hata baada ya kupata leseni, kila mteja aliyekuja na viatu safi nilimdhania ofisa amekuja kunipeleleza. Mama yako alikuwa akisema siku moja nitamwomba Yesu kitambulisho.

Kundi la kwanza la vifaranga huenda hulikumbuki, ulikuwa bado mdogo. Ukubwa wao ni wa kidole gumba, wana mistari kama wadudu, na baridi ya usiku mmoja inawamaliza. Nikawawashia jiko la makaa chumbani. Jioni ile Mama Wanjiru, jirani wetu, alikuja kuwaona, akachuchumaa akasema, "Haki hawa ni warembo. Mimi nitaiba mmoja." Mtu mwingine angecheka. Mimi alipoondoka tu nikapigilia dirisha misumari, nikaziba chini ya mlango kwa magunia, nikaziba hata ule ufa wa ukutani, asije akapata pa kuchungulia. Asubuhi nilipofungua wote walikuwa wamelala ubavu, mmoja juu ya mwingine.

Nikatoka uani nikapiga kelele kwamba nimetiliwa sumu. Nililitaja jina la Mama Wanjiru na watu wakasikia. Mama yako akaingia chumbani, akatoka anakohoa, akaegemea ukuta mpaka akapata pumzi. "Hakuna mtu amewaua," akasema, "isipokuwa wewe na misumari yako." Ilikuwa ni hewa ya makaa. Baadaye nilimpelekea Mama Wanjiru mayai bila kusema neno, naye akayarudisha bila kusema neno. Hadi leo tunasalimiana kwa kichwa tu.

Kazi yenyewe nilijifunza nikiwa na wewe, na hiyo ndiyo sehemu ya maisha yangu ninayoipenda kuliko zote. Makaa tuliyaacha nje. Tukawa tunachemsha maji uani, tunajaza dumu, tunalifunga blanketi kuukuu na kulipachika katikati ya sanduku la mbao, na pembeni kote vumbi la mbao la kushika joto. Kware mwenyewe wa kufugwa hajui kulalia mayai yake, na kuku mkubwa anayapasua, kwa hiyo mama yao tulikuwa ni mimi na wewe na lile dumu. Kipimajoto hatukuwa nacho. Ulikuwa unalitoa yai, unafumba jicho, unaliweka juu ya kope. Likichoma, tunafunua blanketi. Likiwa baridi, maji yanabadilishwa. "Baba, hili liko sawa," unaniambia, na mimi nalichukua nalipima tena kwenye kope langu, kwa sababu hata kope la mtoto wangu sikuliamini. Wewe ulikuwa unacheka tu.

Na ulinishinda, Mumbua, hata kama sijawahi kusema. Wewe ndiye uliyegundua kwamba vifaranga wakiwekwa juu ya gazeti wanateleza na miguu yao inaachana, ukawatandikia gunia. Wewe ndiye uliyeweka kokoto kwenye vizibo vya soda vya maji yao ili wasizame. Ulikuwa ukilala chumba cha pili, unaamka unaniambia, "Wanalia baridi hao," nami nilikuwa nasikia kelele tu. Ulitofautisha kilio cha njaa na cha baridi kabla hujajua hesabu ya kugawanya.

Sasa sikiliza kuhusu vile vizimba viwili. Unavijua, lakini nataka niandike kila kitu, pasibaki mahali pa kujificha. Kile cha karibu na mlango ni cha majike peke yao, tulikiita bweni la wasichana. Wanataga vizuri tu bila dume, na mayai yao ni ya kula, tunayaweka kwenye beseni la bluu. Kile cha ndani ndicho chenye kufuli, majike pamoja na madume, akiwemo yule dume wetu wa rangi ya mtama uliyembatiza Mzungu. Mayai ya humo ni ya kuangulia, yanakaa kwenye beseni jekundu. Yai la beseni la bluu halina mbegu. Ulipashe joto mwezi mzima, ulisomee Zaburi, litaoza tu.

Koinet akaja na lori la maji. Nilikuwa nimenunua tangi, yeye akaleta maji, akaona ndege, akauliza kama mayai yanauzwa. Kijana mrefu, shati limechomekwa, viatu safi. Ole wake na hivyo viatu. Nikamuuliza mayai ni ya nini.

"Ni ya koko, mzee. Nyanya yangu. Kifua kinamsumbua."

"Koko wako ni Mmaasai?"

"Ndiyo, mzee. Wa Kimuka."

Nikamuuzia, lakini nikabaki nimekodoa macho. Nimeishi na Wamaasai miaka yote hii, najua wazee wao ndege hawali, na yai hawaligusi. Na huyu ananiambia ajuza wa Kimuka anameza mayai ya kware! Nikajua anadanganya. Kilichobaki kilikuwa ni kujua anadanganya kwa nini. Wiki iliyofuata akarudi. Na iliyofuata. Anachukua yai moja moja, analiinua juu kwenye mwanga, analitazama weee, na macho hayako kwenye yai, yako nyuma yangu, upande wa nyumba. Nikasema, basi huyu anachunguza mahali pa kurukia ua. Nikaongeza seng'enge.

Mama yako alinikuta naifunga ile seng'enge. Alicheka mpaka akakaa chini. "Huyo haangalii ua, Baba Mumbua," akasema. "Kwani wewe una macho ya nini?"

Alipokuja kujitambulisha rasmi, na wewe umekaa pale umeinamisha uso kana kwamba humjui, nilimpa kiti kile chenye mguu mbovu. Alikaa bila kulalamika, akajishikilia kwa miguu yake saa nzima. Akasema, "Mzee, mimi niko na kazi, niko na boma, na sina mke mahali pengine. Uliza mtu yeyote."

"Mtu yeyote ni nani?" nikamuuliza.

Ungekuwa na baba mwingine mngecheka wote mkanywa chai. Mimi nikaona hapo ndipo pa kumnasia. Nikamwambia mtu anayetaka msichana wangu kwanza anionyeshe kwamba anaweza kukaa na kitu kidogo bila kukiua. Nitampa sanduku, dumu na mayai. Aende nayo Kimuka, ambako naye hana stima, na aniletee vifaranga. Akakubali papo hapo, akashukuru hata. "Ashe oleng, mzee." Ulimtazama wewe, na niliuona uso wako, ulikuwa umejaa furaha kwa sababu ulijua kazi hiyo inawezekana na utamfundisha.

Jioni ile nikaingia hapa stoo peke yangu. Nikachukua mayai kwenye beseni la bluu.

Nimeandika, sasa nimepumua. Niliyachagua moja moja, makubwa, yenye madoa mazuri. Nikayatia alama ya msalaba kwa ile penseli yangu nyekundu, kama tunavyofanya siku zote ili mtu ajue upande aliogeuza. Nikayapanga kwenye sanduku, nikaliacha hapo juu ya meza hadi asubuhi alipokuja kulichukua. Na nilikuwa na akili zangu timamu. Nilijiambia hivi: akirudi mikono mitupu, nitasema ameshindwa, aende. Akirudi na vifaranga, basi amenunua kwa mtu, ni mwongo, aende. Nilikuwa nimezifunga njia zote mbili na nikalala vizuri sana.

Kware huchukua siku kumi na saba hivi. Zilipopita, akaja. Ilikuwa magharibi, lori likiwa bado linanguruma kule nje, akashuka amebeba lile sanduku kifuani kama mtu aliyebeba sufuria ya uji, akalifungua hapo uani. Nikasikia vilio kabla ya kuona. Vifaranga kumi na moja. Mama yako akapiga kigelegele. Wewe ulisimama ukajifunika mdomo kwa mikono yote miwili.

Na mimi nikafurahi, mwanangu. Usidhani nilihuzunika. Nilifurahi kwa sababu nilikuwa nimemnasa. Nilimpa mkono, nikamwambia umejitahidi, na moyoni nasema, mwongo mkubwa wewe, mayai ya koko na sasa hii. Vifaranga wenyewe sikuwatazama hata kidogo. Nilikusukumia sanduku uwatunze, nikaenda kula. Kuanzia hapo nikawa mtu mzuri ajabu. Mama yako alishangaa. Nilikubali kila siku waliyopanga, nilikubali tuende Kimuka kuona boma, kwa sababu nilitaka nimvue nguo mbele ya wazee wa pande zote mbili, kwao, akose pa kuuweka uso.

Siku hiyo ya Kimuka uliniona nimenyamaza njia nzima ukadhani miguu inaniuma. Nilikuwa napanga maneno. Tulipofika, upepo wa milima ya Ngong unapita kwenye koti kana kwamba hukuvaa, tukasalimiwa supa, tukajibu ipa, tukapewa chai ya maziwa. Nikasubiri wazee wakae. Kisha nikaanza kwa lile dogo. Nikamgeukia koko, kwa Kiswahili, ili Koinet asije akanitafsiria apendavyo.

"Koko, kifua kinaendeleaje? Mayai yangu yamekusaidia?"

Bibi wa watu akanitazama, akamtazama mjukuu wake, akanitazama tena. "Mayai? Mimi kula mayai ya ndege? Mimi?" Akatema mate pembeni. "Hapana. Hiyo alikuwa anakula yeye, na watoto ya jirani. Mpaka watoto wanakimbia wakiona lori."

Watu wakaangua kicheko. Koinet akainamisha kichwa, akasema, "Nisamehe, mzee. Nilikuwa natafuta sababu ya kuja." Wewe ulicheka mpaka ukatokwa na machozi. Mimi sikucheka. Nikasema moyoni, moja hiyo, sasa ya pili. Nikafungua kinywa niseme kuhusu sanduku. Koko akanitangulia.

"Lakini ile ya sanduku," akasema, na akanyoosha kidole ndani ya nyumba yake, pale karibu na moto. "Ile mimi nilichunga. Huyu anaenda na lori, anarudi usiku, anaenda tena. Nani atachunga? Mimi. Msichana yako alimfundisha, na yeye akanifundisha. Naweka hapa." Akagusa kope lake. "Ikikuwa baridi, naamka, naweka maji moto. Kila usiku. Mzee, wewe ulituletea kazi ngumu! Mimi ndege sitaki hata kushika. Lakini ile siku moja ilipasuka, mtoto akatoa mdomo, nikalia."

Nilifunga kinywa changu. Ajuza ambaye mila yake haimruhusu hata kulionja yai, aliamka kwenye upepo ule kuyageuza mayai niliyochagua kwa mkono wangu kwa sababu hayana kitu. Angeamka hivyo hadi mwisho, angekuta yamevunda, na angedhani ni yeye aliyeyaua. Sikuwa nimemfikiria. Nilipokuwa nafunga zile njia mbili, sikuwaza kama katikati kungekuwa na mtu. Kabla hatujaondoka alinitemea mate kidogo mikononi, kwa baraka, kama wanavyofanya, nami nikasimama pale nimenyoosha viganja, kama mwizi anayepewa zawadi na mwenye nyumba.

Lakini njiani akili yangu ikaanza tena, unaijua. Nikasema, subiri kwanza. Kama hawakununua vifaranga, wametoka wapi? Bibi hakudanganya, nilimtazama vizuri. Yai la bweni haliwezi kutoa kifaranga. Tulipofika nyumbani sikuvua hata koti. Nikachukua tochi nikaja hapa kuwaangalia wale kumi na moja, ambao kwa muda wote huo nilikuwa nimekataa kuwatazama. Walikuwa wameshaota manyoya. Na wanne kati yao walikuwa na rangi ya mtama.

Kware wa rangi ile, Kitengela nzima, sijamwona kwingine. Walikuwa watoto wa Mzungu. Mayai yalitoka kizimba cha ndani, chenye kufuli, na ufunguo ulikuwa kwenye msumari nyuma ya koti langu, na tuliojua msumari huo tulikuwa wawili, mimi na wewe.

Nilikaa juu ya debe hilihili. Uliniona nachagua kwenye beseni la bluu, sivyo? Au ulikuja kuangalia sanduku usiku ukayatambua, maana wewe unajua yai la kila ndege kwa madoa yake. Ukafungua kufuli, ukabadilisha yote, ukayachorea misalaba kwa penseli yangu, hata ukaiga ule mkono wangu unaotetemeka. Asubuhi ukamwaga chai kwenye vikombe ukaniuliza kama nimelala vizuri.

Nilikasirika. Nimemshuku pasta, nimemshuku daktari wa ng'ombe, nimemshuku Mama Wanjiru kwa ajili ya utani, na mtu mmoja tu katika dunia hii sikuwahi kumshuku, akanizunguka ndani ya stoo yangu. Nilimwamsha mama yako nikamwambia yote, nikitarajia atakuwa upande wangu. Alisikiliza hadi mwisho. "Wewe unalia kwamba umedanganywa," akasema. "Sasa niambie, mtoto angekwambia nini? Angekuja akwambie, Baba, nimekuona unadanganya? Angekuambia wewe?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nikafikiria, nikaona hapana, usingeweza. Ulipokuwa msichana wa kope na kokoto ungesema. Lakini baadaye nilikujibu mara nyingi vile nilivyojibu watu wote, kwa kukupima tena, mpaka ukajifunza kwamba kwangu mimi mtu hasemi, anapitia nyuma. Hilo ndilo linaloniuma, si kufuli. Ukienda kwa Koinet usiende na ujuzi huo. Siku utakayomwona amechukua kwenye beseni lisilofaa, mwambie hapohapo, hata kama atavunja kikombe. Usimrekebishie mambo usiku halafu umwagie chai asubuhi. Uliniokoa mimi nisiwe mtu mbaya mbele ya watu, na nakushukuru, lakini ilikufanya uwe peke yako na siri hiyo miezi yote hii, na sitaki uishi hivyo na mume.

Sijui kama ulimwambia. Nimewachunguza ninyi wawili, sitadanganya, nimewachunguza hata leo wakati wa kufunga mahema. Kama hajui, basi alihangaika na mayai yale kwa moyo mweupe. Na kama anajua, basi alinishika mkono pale uani akijua nilichomfanyia, akaniita mzee, na akanyamaza ili nisiaibike kwangu. Nimeigeuza hii kila upande nikitafuta mahali pa kumshuku na nimekosa.

Ndiyo maana sikuweza kukujibu mchana. Uliniuliza kama nambariki, na mimi siwezi kumwekea mkono mtu niliyemtegea mtego bila yeye kusikia kutoka kinywani mwangu. Kesho wakifika, kabla ya kwenda kanisani, nitamwita nyuma ya mahema, yeye na koko wake. Nitawaambia mayai niliyotoa yalikuwa hayana uhai, na nilijua, na nilitaka wahangaike bure. Wewe sitakutaja. Ulichofanya ni chako, utasema ukitaka. Kama wakinikubali, nitakupa mkono tuingie pamoja. Wakikataa, utaingia na mama yako, mimi nitakaa nje kwenye benchi, na usimkasirikie mtu.

Kwa hiyo mwanangu, baraka unayoniuliza siko nayo mkononi. Iko kwa yule kijana na yule bibi, na ni mimi nitakayeiomba. Nimekaa hapa nikijaribu namna ya kuanza. Nimesema "nisamehe" kwa sauti mara kadhaa, nikisikiliza linavyotoka, na linatoka vibaya, kama neno la lugha ya watu. Unajua sijawahi kumwambia mtu neno hilo tangu tuhamie hapa. Acha nianze na wewe.

Nisamehe, Mumbua.

Baba yako